Nani Alimwonyesha Vasco da Gama Njia ya India?



Popote ninapozungumzia historia ya bahari yetu, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: ni kweli kwamba Ahmad bin Majid ndiye aliyemfikisha Vasco da Gama India? Mara nyingi anayeuliza ameshalijibu moyoni mwake. Mmoja huuliza kwa fahari, akipenda kusikia kwamba Mreno aliyesifiwa dunia nzima aliongozwa na Mwarabu wa Ghuba. Mwingine huuliza kwa uchungu, maana anatafuta msaliti wa kumtwika mateso ya karne mbili. Jioni hii nitalijibu swali lenyewe kwa ushahidi tulio nao. Kisha nitaeleza kwa nini naona tumekuwa tukimsaka mtu mmoja pale palipokuwa na bahari nzima ya wajuzi.

Ushahidi wa kwanza ni shajara. Mmoja wa watu waliokuwamo katika msafara ule aliandika yaliyotokea, karibu siku kwa siku. Hakutia jina lake, ingawa wasomi wengi humtaja Álvaro Velho. Ni maandishi ya mtu aliyeona kwa macho yake. Hayana madoido, na yanasema mambo mengi ambayo waandishi wa baadaye, waliokaa Ureno na kuandika kwa ajili ya wafalme, waliyapamba au waliyanyamazia.

Gama aliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 akiwa na merikebu nne, moja yake ya kubebea vyakula tu. Novemba akazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Januari 1498, kwenye mto wa Quelimane, mabaharia wake walivimba miguu na mikono, na fizi zikaota juu ya meno hata wasiweze kula. Kilikuwa kiseyeye. Mwezi wa Machi wakafika Kisiwa cha Msumbiji, na hapo ndipo walipoingia katika ulimwengu wetu. Mwandishi anasimulia nguo za kitani na pamba zenye mistari ya rangi, vilemba vyenye taraza za hariri na nyuzi za dhahabu, na vyombo vinne vya wafanyabiashara Waarabu vyenye dhahabu, fedha, karafuu, pilipili, tangawizi, lulu na vito. Vyombo vya huko, asema, havikupigwa misumari. Mbao zake ziliunganishwa kwa kamba. Tena anaandika jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alishike: mabaharia hao walikuwa na dira, walikuwa na vipimo vya kupimia urefu wa nyota, na walikuwa na ramani za bahari. Haya hayakuandikwa na mzalendo wa pwani aliyetaka kutusifu. Yaliandikwa na Mreno, wiki kadhaa kabla hajafika Malindi.

Wakagombana na wenyeji wa Msumbiji, mizinga ikalia. Tarehe 7 Aprili walitia nanga Mombasa. Usiku Gama akawahoji watu wawili waliokuwa chomboni mwake kwa kuwadondoshea mafuta ya moto mwilini, hadi wakasema kwamba Mombasa ilikuwa imepanga kulipiza ya Msumbiji. Wareno wakang'oa nanga. Asubuhi ya tarehe 14 wakakimbiza chombo kimoja baharini na kuteka watu 17, miongoni mwao mzee mwenye hadhi na mkewe kijana. Jioni ya siku hiyo wakasimama mbele ya mji wa Malindi.

Picha ya Malindi tuliyozoea ni ya ukarimu, na ukarimu kwa kweli ulikuwepo. Mtawala alikuja kwa mashua amevaa joho la hariri lililotiwa atlasi ya kijani, ameketi juu ya viti vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu. Pembeni mwake alisimama mzee mwenye upanga mfupi ndani ya ala ya fedha. Wapiga ala wengi walikuwapo, na wawili kati yao walipuliza pembe za ndovu zilizonakshiwa, zenye kimo cha mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Mwandishi wa shajara hakujua kwamba alikuwa akizisikia siwa, na kwamba kwa miji yetu sauti ile ilimaanisha enzi yenyewe imehudhuria.

Lakini soma kurasa mbili zinazofuata. Gama alikataa kukanyaga ardhi ya Malindi, akidai kwamba mfalme wake hakumruhusu. Siku zikapita na rubani aliyeahidiwa na mtawala haonekani. Tarehe 22 Aprili mtumishi mwandani wa mtawala alikuja merikebuni. Gama akamkamata, akapeleka ujumbe kwamba anataka rubani. Rubani akaletwa, mateka akaachiwa. Tarehe 24 Aprili wakatweka matanga. Kwa hiyo hata zawadi hii mashuhuri ya Malindi ilitolewa mtu akiwa ameshikwa. Nashangaa ni mara ngapi jambo hili huachwa katika vitabu vya shule.

Sasa, rubani huyo ni nani? Shajara inasema ni Mkristo, na haimtaji kwa jina. Wareno wa safari ile waliwadhani Wahindu kuwa Wakristo. Huko huko Malindi waliwaonyesha Wahindi sanamu ya Bikira Maria, na walipowaona wanaisujudia wakaamini kwamba wamekutana na ndugu zao wa imani. Waandishi wa Ureno wa katikati ya karne ya 16, Castanheda na Barros, wanasema rubani alitoka Gujarat, na Barros anamwita Malemo Cana. Malemo ni mwalimu, cheo cha mjuzi wa njia chomboni, si jina la kuzaliwa. Barros anaongeza kwamba mtu huyo alimwonyesha Gama ramani ya pwani yote ya India, na kwamba alipoonyeshwa kipimo kikubwa cha Wareno cha kupimia jua hakustaajabu, kwa kuwa vifaa vya namna hiyo alikuwa akivijua.

Katika maandishi hayo ya karne ya 16 kutoka Ureno, jina la Ibn Majid halimo. Limetoka Makka. Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanachuoni aliyeandika historia ya Waturuki katika Yemen, aliandika kwamba baharia hodari aitwaye Ahmad bin Majid alileweshwa na kiongozi wa Wafaranga, yaani Wareno, na katika ulevi ule akawaonyesha njia. Aliandika zaidi ya miaka 70 baada ya tukio, mbali na Malindi, wakati ambapo Wareno walikuwa wameshaibana Bahari ya Shamu na Waislamu walitaka kujua maafa yale yaliingilia mlango gani. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa Kifaransa, Gabriel Ferrand, alizikutanisha habari mbili hizi, akatangaza kwamba yule mwalimu wa Barros na huyu mlevi wa al-Nahrawali ni mtu mmoja. Kuanzia hapo jina likaenea katika vitabu vya kiada, magazeti na mabango ya watalii.

Ibn Majid mwenyewe alizaliwa Julfar, sehemu ya Ras al-Khaimah ya leo. Aliandika kwa nathari na kwa mashairi, na kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari alikimaliza mnamo 1490. Mwaka 1498 alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60. Alikuwa mtu anayejua thamani yake na asiyeona haya kuisema. Alijihesabu wa nne baada ya mabingwa watatu wa bahari waliomtangulia. Wafaranga wanatajwa katika mashairi yanayonasibishwa naye, ila hakuna mahali anaposema kwamba yeye ndiye aliyewaongoza, wala kwa fahari wala kwa toba. Huko Sharjah, Sheikh Sultan bin Muhammad Al-Qasimi aliandika kitabu kizima kumtetea, na hapo utaona jinsi tuhuma hii inavyowauma watu wa Ghuba hadi leo.

Jibu langu, basi, ni hapana. Ushahidi wa karibu na tukio unaelekea kwa baharia wa Gujarat aliyekuwa Malindi msimu ule, na shajara yenyewe inasema kulikuwa na vyombo vinne vya Wahindi bandarini. Habari ya Ibn Majid ni ya mbali, ya baadaye, na inabeba simulizi ya ulevi ambayo inatafuta aibu kuliko inavyotafuta ukweli.

Hata hivyo, tukikomea hapo tutakuwa tumebadilisha jina tu. Nataka twende mbele, tuulize rubani huyo alijua nini ambacho wengine hawakukijua.

Kila mvuvi wa Lamu au Kojani anajua kwamba bahari hii ina pepo mbili kuu. Bara la Asia likipoa katika miezi ya baridi, upepo hutoka huko ukaja kwetu. Hiyo ndiyo kaskazi, ivumayo kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Bara hilo likipata joto, upepo hugeuka na kwenda kulijaza. Hiyo ni kusi, ishikayo Aprili. Vyombo vya India na Uarabuni huteremka na kaskazi na kupanda na kusi. Lakini kusi si mwezi wowote. Juni na Julai huchafuka mno, mawimbi huvunja bandari za magharibi ya India, na mabaharia hufunga bahari. Anayetaka kuvuka salama kutoka Malindi huondoka mwishoni mwa Aprili, kusi ikiwa changa, ili afike kabla ya tufani. Gama aliondoka tarehe 24 Aprili. Siku chache baadaye mwandishi anasema waliiona tena nyota ya kaskazini, ambayo hawakuwa wameiona kwa muda mrefu. Tarehe 18 Mei wakaona milima ya India. Walivuka bahari kuu kwa siku 23 bila kuona nchi kavu, na tarehe 20 wakatia nanga karibu na Calicut.

Ufanisi huo husomwa kama ushujaa. Basi tazameni kurudi. Gama aliondoka Calicut mwishoni mwa Agosti 1498 akiwa amegombana na mtawala wa mji, akazubaa kwenye visiwa vya pwani, na tarehe 5 Oktoba akaingia bahari kuu akiifuata njia ile ile aliyojia. Njia aliijua. Majira hakuyangoja. Kusi ilikuwa inakata roho na kaskazi bado haijashika. Upepo mara unatulia kabisa, mara unawapiga usoni. Mapito ya siku 23 yakawachukua miezi mitatu kasoro siku tatu. Kiseyeye kikarudi, watu wapatao 30 wakafa, na katika kila merikebu wakabaki saba au wanane wenye nguvu ya kufanya kazi. Mwandishi anakiri kwamba kama hali ile ingeendelea wiki mbili zaidi, hakuna ambaye angesalia wa kuongoza merikebu. Tarehe 2 Januari 1499 wakaona Mogadishu, na tarehe 7 wakafika Malindi, ambako waliomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Upande wa kusini wa Mombasa wakaichoma moto merikebu moja, São Rafael, kwa kuwa hawakuwa tena na mikono ya kutosha kuendesha merikebu tatu.

Naona safari ile ya kurudi inatufundisha kuliko ile ya kwenda. Ujuzi wa kuvuka haukuwa siri ya bingwa mmoja ambayo ikivuja mara moja imekwisha kuvuja. Ulikuwa kalenda ya pepo, vimo vya nyota, rangi ya maji na ndege wa pwani, uliohifadhiwa na maelfu ya watu wa Malindi, Kilwa, Muscat, Aden, Cambay na Calicut. Kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, kamali, baharia alipima kimo cha nyota kwa vidole na kujua amefika usawa wa bandari gani. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kinachoeleza biashara ya bahari hii kinaitaja Rhapta, soko lililokuwa katika pwani ya Tanzania ya leo, na kinasema manahodha Waarabu waliokuja huko walizoeana na wenyeji, wakaoa kwao na kuijua lugha yao. Hiyo ni miaka 1400 kabla ya Gama.

Hata Mreno wa kwanza kufika Calicut hakuwa Gama. Pero da Covilhã alitumwa na Mfalme João wa Pili mwaka 1487. Akapita Cairo na Aden, akafika Calicut, kisha akateremka hadi Sofala karibu miaka kumi kabla ya msafara huu. Alisafirije? Kama abiria, katika vyombo vya watu wa bahari hii. Na mtu wa kwanza aliyetumwa ufukoni na Gama kule Calicut alipelekwa kwa watu wawili wa Tunis waliojua Kikastilia na Kijenoa, wakamlaani na kumuuliza nini kimewaleta huku. Ulimwengu ulikuwa umeunganika kiasi hicho.

Hapa kijana mmoja huniuliza: je, Wareno hawakugundua chochote? Waligundua, na haki itendeke. Kutoka visiwa vya Cape Verde Gama alizunguka mbali ndani ya Atlantiki ya kusini, akakaa bila kuona nchi kavu tangu tarehe 3 Agosti hadi 4 Novemba 1497, akitafuta pepo za kumrudisha mashariki. Miezi mitatu baharini, na alipoona nchi alikuwa si mbali na Rasi. Huo ni ujuzi wao wenyewe, uliokusanywa kwa miaka mingi na waliomtangulia, akiwamo Bartolomeu Dias aliyeizunguka Rasi mwaka 1488. Bahari ile waliifungua wao. Ya kwetu waliikuta wazi.

Walichokileta kipya katika bahari yetu kilikuwa namna ya kuitawala. Bidhaa hawakuwa nazo: zawadi walizomwandalia mtawala wa Calicut zilikuwa nguo za mistari vipande 12, kofia, marijani, mabeseni ya kunawia, sukari, mafuta na asali, na maofisa wake walizicheka, wakisema hata mfanyabiashara maskini kabisa kutoka Makka hutoa zaidi. Mizinga walikuwa nayo. Mwaka 1502 Gama alirudi na kikosi kikubwa, akaichoma merikebu ya mahujaji kwenye pwani ya India pamoja na mamia ya watu waliokuwamo, na kabla ya hapo alikuwa amemlazimisha Amir Ibrahim wa Kilwa kulipa ushuru wa dhahabu. Dhahabu hiyo ilifuliwa chombo cha kanisa, kilichokamilika mwaka 1506, na hadi leo kimo katika jumba la makumbusho la Lisbon. Baadaye kila chombo cha biashara kilitakiwa kununua hati ya Wareno; kisicho nayo kilitekwa au kuzamishwa. Kwa karne nyingi watu wa bahari hii walipigana, walidhulumiana na walilipishana ushuru bandarini. Lakini kudai kwamba maji yenyewe yana mwenyewe, na kwamba mtu hapiti ila kwa karatasi iliyotolewa na mfalme wa mbali, lilikuwa jambo jipya.

Basi kwa nini Malindi ikawapokea? Kwa sababu ya Mombasa. Mombasa ilikuwa kubwa zaidi, yenye bandari nzuri zaidi, na Malindi ilihitaji rafiki mwenye nguvu. Nina maoni mengine pia. Karibu miaka 80 kabla, Malindi ilikuwa imepeleka wajumbe China pamoja na twiga, aliyefika kwa mfalme Yongle mwaka 1415, na baadaye msafara wa Wachina ulioongozwa na Zheng He ukafika pwani hii ukiwa na merikebu zilizoyapita kwa ukubwa majahazi yote ya hapa. Wachina walikuja, wakapokea, wakatoa, wakaondoka. Mtawala wa mwaka 1498, akizitazama merikebu tatu chakavu za watu wenye fizi zilizooza, angewezaje kuona ndani yake mwisho wa enzi ya miji yote ya pwani? Mimi siwezi kumwita msaliti. Alifanya siasa kwa kipimo cha dunia aliyoijua.

Onyo lilimfikia mapema. Agosti 1505 Francisco de Almeida, akitoka kuiteka Kilwa, aliivamia Mombasa, akaichoma na kuipora. Mtawala wa Mombasa alipotoka mafichoni alimwandikia hasimu wake wa Malindi barua, ambayo maudhui yake yamehifadhiwa katika habari za msafara wenyewe. Alimweleza kwamba bwana mkubwa amepita na moto, na kwamba aliporudi mjini hakukuta kilicho hai, mwanamume wala mwanamke, mkubwa wala mtoto. Naisoma barua ile nikiona uadui wa miji miwili ukiyeyuka, ingawa umechelewa mno. Malindi iliendelea na urafiki wake. Mombasa ikachomwa tena mwaka 1528.

Wanaoihukumu Malindi kwa ajili ya rubani yule nawaomba waifuate nyumba yake ya kifalme hadi mwisho. Wareno walipoamua kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walimhamisha mtawala wa Malindi wakamkalisha Mombasa kama mfalme wa mji walioutiisha. Malindi yenyewe ikanyauka, maana biashara na makao yote yalihamia kwenye ngome. Sultani Hasan, mrithi wa enzi hiyo, alikosana na makapteni wa ngome, akakimbilia bara, akauawa huko kwa njama zao. Mwanawe Yusuf alichukuliwa mtoto akapelekwa Goa, akabatizwa, akapewa jina la Dom Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa kutawala kwa niaba yao. Mwezi wa Agosti 1631 alimuua kapteni kwa mkono wake, akaitwaa ngome na kurudi katika Uislamu. Mwaka uliofuata kikosi kutoka Goa kilishindwa kumtoa. Yusuf akaibomoa ngome kadiri alivyoweza, akapakia mizinga katika merikebu aliyoiteka, na akaendelea kuwawinda Wareno baharini, katika njia zile zile za kaskazi na kusi, hadi alipokufa.